Taa ya Mkanda Isife Mapema: Namna ya Kuchagua Chaneli ya Alumini

Siku hizi ukipita usiku katika vijiji vyetu vya Ufipa utaona taa nyembamba kama utepe. Zinawaka madukani. Zinawaka katika vibanda vya kunyolea. Zinawaka hata sebuleni kwa watu. Wengi huziita taa za mkanda. Dukani zinaitwa taa za LED. Juu ya utepe mmoja zimepangwa punje ndogo ndogo, na kila punje ni taa.

Taa hizi ni nzuri. Zinakula umeme kidogo. Hazina moshi kama koroboi. Lakini watu wengi wamezinunua na zimekufa mapema. Leo tutajifunza sababu moja kubwa, na tutajifunza dawa yake. Dawa hiyo ni kipande cha alumini kinachoitwa chaneli.

Mama mmoja na magunia yake mawili

Mwaka 2023 mama mmoja mwenye duka katika kijiji kimoja huku kwetu aliuza magunia mawili ya mahindi. Fedha alizopata alinunulia mkanda wa taa wa mita 5, betri ndogo na waya. Kijana mmoja akambandikia mkanda kwenye silingibodi kwa gundi yake yenyewe. Usiku ule duka liling'aa. Watu wakaja kutazama.

Mvua za masika hazijaisha, punje zikaanza kufa. Kwanza tatu, halafu tatu nyingine. Zilizobaki zikafifia. Jioni moja gundi ikaachia, mkanda ukaanguka juu ya meza ya sukari.

"Mwalimu, hizi taa ni za uongo," aliniambia. "Koroboi yangu ilikaa miaka. Hii imekufa kabla sijavuna tena."

Tukaugeuza mkanda. Mgongo wake ulikuwa umegeuka rangi ya njano. Gundi ilikuwa imekauka.

"Mama, taa yako haikuwa ya uongo," nikamwambia. "Imeunguzwa na joto lake yenyewe."

"Joto gani tena, mwanangu? Mbona ukiweka mkono mbele yake husikii moto?"

Ndugu msomaji, swali la mama huyu ni zuri sana. Tulijibu.

Joto linakwenda wapi?

Kila taa hugeuza umeme kuwa mwanga. Lakini umeme wote haugeuki kuwa mwanga. Sehemu nyingine hugeuka kuwa joto. Balbu ya zamani yenye waya ndani ilitupa joto lake mbele, pamoja na mwanga. Ukiisogelea unaungua. Taa ya LED ina tabia nyingine. Mwanga unakwenda mbele, lakini joto linakwenda nyuma, mgongoni. Ndiyo maana mkono wako ukiwa mbele haulisikii.

Sasa joto hilo likifika mgongoni litoke. Lisipopata njia hukaa palepale kwenye punje. Punje ikishinda na joto kila usiku, mwanga wake hufifia mapema. Gundi hukauka. Mwisho punje hufa.

Silingibodi haipitishi joto vizuri. Mbao haipitishi. Plastiki haipitishi. Mkanda ukibandikwa juu ya vitu hivyo ni kama mtu aliyevikwa blanketi tatu wakati wa jua kali.

Jaribio la jikoni

Usiniamini kwa maneno tu. Nenda jikoni. Chukua upawa wa alumini na mwiko wa mti. Viweke vyote ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Subiri kidogo, halafu gusa ncha za juu kwa uangalifu.

Ncha ya upawa itakuwa ya moto. Ncha ya mwiko itakuwa ya baridi. Kwa nini? Kwa sababu alumini hupitisha joto haraka. Mti huzuia joto.

Alumini ni ileile ya sufuria zako. Inapitisha joto kupita chuma cha kawaida mara nne hivi. Tena ni nyepesi: uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Tena haipati kutu nyekundu. Kwa hiyo mafundi wa taa wakaichagua. Wakatengeneza vipande virefu vyenye mfereji katikati. Mkanda unalala ndani ya mfereji. Joto linatoka kwenye mkanda, linaingia katika alumini, linasambaa, kisha linachukuliwa na hewa. Kipande hicho ndicho chaneli.

Wafipa si wageni wa mambo haya. Zamani wazee wetu walijenga malungu, yaani tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, na humo waliyeyusha mawe ya chuma. Hewa ya baridi iliingia kwa chini kupitia matundu, na hewa ya moto ikapanda juu. Wazee walijua kwamba joto na hewa hutembea pamoja. Basi na chaneli yako inataka hewa. Usiizike ndani ya udongo wala usiifunike kwa magunia.

Je, unahitaji chaneli?

Kabla ya kutoa fedha, jiulize: Taa hii ni ya kazi gani? Kama ni chumba kidogo cha kulala, balbu moja ya LED ya betri inaweza kukutosha. Balbu ya namna hiyo haitaki chaneli. Mkanda unafaa zaidi mahali parefu: rafu za duka, meza ya cherehani, meza ya fundi, au juu ya ubao wa darasa.

Ukishaamua kununua mkanda, soma karatasi yake. Hapa ndipo kisomo chako kinapoanza kukulipa. Tafuta namba yenye herufi W/m. Maana yake ni wati kwa kila mita moja. Namba hiyo inakuambia ukubwa wa nguvu, na kwa hiyo ukubwa wa joto.

Kama ni wati 5 kwa mita au chini yake, joto ni dogo. Kipande bapa cha alumini kinaweza kutosha.

Kama ni kati ya wati 5 na 10 kwa mita, nunua chaneli.

Kama inapita wati 10 kwa mita, usiuwashe mkanda huo bila chaneli. Tena chagua chaneli pana na nene.

Kwa mfano, mkanda mmoja wa kawaida una punje 60 kwa mita na wati 4.8. Mwingine una punje 120 kwa mita na wati 9.6. Upo pia wa wati 14.4 kwa mita. Yote ukiitazama inafanana. Namba ndizo zinazotofautiana.

Mambo sita ya kutazama dukani

Kwanza, hakikisha ni alumini. Zipo chaneli za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha. Igonge kwa kucha. Plastiki hutoa sauti butu. Pia beba sumaku mfukoni. Sumaku ya spika ya redio mbovu inafaa. Ikinata, hicho ni chuma. Alumini haivutwi na sumaku. Lakini kumbuka kwamba plastiki nayo haivutwi. Kwa hiyo fanya majaribio yote mawili.

Pili, pima upana wa ndani. Mikanda mingi ina upana wa milimita 8, 10 au 12. Nenda dukani na rula. Mkanda wa milimita 10 hauwezi kulala katika mfereji wa milimita 8. Ukiukunja pembeni, mgongo wake haugusi alumini, na faida yote imepotea. Mfereji uwe mpana kidogo kuliko mkanda.

Tatu, tazama unene. Ibonyeze kwa vidole. Ikipinda kama karatasi ya bati la kopo, iache. Alumini nyingi zaidi hubeba joto nyingi zaidi.

Nne, tazama umbo. Umbo la kwanza ni kama herufi U. Hili hufungwa juu ya ukuta, rafu au boriti. Ni rahisi na linafaa kazi nyingi. Umbo la pili lina masikio mawili pembeni. Hili huzamishwa ndani ya mbao au silingi, masikio yakaficha kingo za tundu. Linapendeza, lakini hewa hulifikia kidogo, kwa hiyo usilitumie kwa mkanda wa joto kali. Umbo la tatu ni la pembeni. Linakaa kwenye kona na kutupa mwanga kwa mshazari. Hili ni zuri kwa ubao wa darasa: mwanga unaangukia maandishi, haupigi macho ya wasomaji.

Tano, tazama kifuniko. Chaneli nyingi huuzwa na kifuniko chembamba cha plastiki. Kipo kinachoonyesha kama kioo. Hicho hupitisha mwanga mwingi, lakini punje huchoma macho. Kipo cheupe kama maziwa. Hicho hupunguza mwanga kiasi, lakini mwanga unakuwa laini. Kwa mahali pa kusomea au kushonea, chagua cha maziwa. Kwa rafu za duka, kile cha kioo kinatosha.

Kifuniko kina faida nyingine huku kwetu. Kiangazi barabara zina vumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hujaa kwenye taa. Jikoni kuna masizi. Kifuniko huzuia vyote hivyo visikae juu ya punje.

Sita, tazama kina. Watu wengi hawapendi kuona vidoa vidoa vya mwanga. Kanuni yake ni rahisi. Pima umbali kutoka punje moja hadi ya pili. Nafasi kati ya mkanda na kifuniko isipungue umbali huo. Punje zikiwa 60 kwa mita, umbali ni kama milimita 17, kwa hiyo unahitaji chaneli ya kina kirefu. Zikiwa 120 kwa mita, umbali ni kama milimita 8, na chaneli ya kina kifupi inafaa. Vidoa havidhuru taa. Kama fedha ni kidogo, vumilia vidoa.

Kama dukani chaneli hakuna, nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Huko kwao hubaki vipande vifupi. Kipande chenye uso bapa, safi na kirefu cha kutosha kinaweza kufanya kazi ileile. Hakina kifuniko, lakini joto kitabeba.

Namna ya kufunga

Kata chaneli kwa msumeno wa chuma. Lainisha kingo kwa tupa, kwa sababu ncha kali hukata waya. Toboa matundu na uifunge kwa skrubu au kwa vishikio vyake. Kichwa cha skrubu kisisimame ndani ya mfereji, kitauinua mkanda.

Pangusa mfereji kwa kitambaa chenye spiriti. Acha ukauke. Vumbi na mafuta huzuia gundi. Sisi watu wa Ufipa tuna jambo moja zaidi la kukumbuka. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi sana, na gundi baridi hainati vizuri. Weka chaneli na mkanda juani kwanza. Vikishapata uvuguvugu, bandua karatasi ya mgongoni, na bonyeza mkanda polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Usibonyeze juu ya punje kwa nguvu.

Mkanda hukatwa penye alama ya mkasi tu. Mkanda wa volti 12 kwa kawaida hukatwa kila baada ya punje tatu. Ukikata pengine, punje za kipande hicho hazitawaka. Tena usiunganishe zaidi ya mita 5 kwa mstari mmoja, maana mwisho wake utafifia. Ukihitaji zaidi, peleka waya mwingine kutoka kwenye betri.

Hatari, msomaji!

Alumini hupitisha joto. Lakini alumini hupitisha umeme pia. Jambo hili lisisahauliwe.

Ncha ya mkanda iliyokatwa ina shaba iliyo wazi. Waya ulioungwa una shaba iliyo wazi. Shaba ya chanya na ya hasi zikigusa chaneli kwa pamoja, umeme wa betri utapita wote kwa mara moja. Waya utawaka, na nyumba ya nyasi haingoji. Kwa hiyo:

Zungushia tepu ya umeme kila kiungo.

Acha nafasi ndogo kati ya ncha ya mkanda na mwisho wa chaneli.

Weka vifuniko vya plastiki kwenye ncha zote mbili za chaneli.

Weka fyuzi karibu na betri, kwenye waya wa chanya. Fyuzi ni mlinzi wa nyumba. Betri bila fyuzi ni moto uliolala.

Soma pia volti. Mkanda wa volti 12 ukiufunga kwenye volti 24 utaungua. Mkanda wa volti 24 kwenye betri ya volti 12 hautawaka vizuri. Na kama una sola, tumia kontrola ya chaji. Betri inapochajiwa, volti zake zinaweza kupanda hadi 14 na zaidi. Mkanda uliowashwa wakati huo hupata joto kali kuliko kawaida. Mchana zima taa.

Ndugu zetu wenye umeme wa gridi, sikilizeni vizuri. Huo ni volti 230, nao unaua. Mkanda wa volti 12 ufungwe kwa kupitia adapta. Ipo mikanda inayofungwa moja kwa moja kwenye volti 230. Mkanda wa aina hiyo usiuweke ndani ya chaneli ya alumini kwa mikono yako. Ganda lake likipasuka, chaneli nzima inaweza kuwa na umeme, na mtoto akiigusa atanaswa. Kazi hiyo mpe fundi wa umeme aliyesomea.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu.

Mkanda wa wati 9.6 kwa mita, urefu mita 4:
9.6 × 4 = wati 38.4

Ukiwaka saa 4 kila usiku:
38.4 × 4 = wati-saa 153.6

Betri ni ya volti 12. Gawanya:
153.6 ÷ 12 = ampea-saa 12.8

Betri iliyoandikwa 40Ah, kama ni ya aina ya betri za magari, isitumiwe zaidi ya nusu. Nusu yake ni 20. Kwa hiyo 12.8 inatosha, na zinabaki 7.2 za simu na redio.

Sasa fanya mwenyewe: mkanda wa wati 4.8 kwa mita, urefu mita 2, saa 4. Jibu ni ampea-saa 3.2. Je, umelipata? Tazama tofauti ilivyo kubwa. Mwanga utakuwa mdogo, lakini kwa meza moja ya kusomea unatosha, na betri itakaa miaka mingi zaidi.

Kutunza

Kila mwezi zima taa, kisha pangusa kifuniko kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usitumie petroli wala tina. Vitu hivyo hula plastiki. Baada ya taa kuwaka saa moja, gusa chaneli kwa mgongo wa mkono. Ikiwa na uvuguvugu, ni vizuri: joto linatoka. Ikiwa ya moto huwezi kuvumilia, zima. Mkanda una nguvu kuliko chaneli yako, au hewa haipiti.

Mwisho wa habari ya mama yetu

Mama wa duka hakukata tamaa. Alivuna tena, akarudi mjini Sumbawanga, safari hii akiwa na rula, sumaku na karatasi yenye namba. Alinunua mkanda wa mita 2 tu, wati 4.8 kwa mita, na chaneli mbili za mita moja moja zenye kifuniko cha maziwa. Muuzaji alimwambia, "Mama, chukua huu mwingine, unawaka zaidi." Mama akauliza, "Wati ngapi kwa mita?" Muuzaji akatafuta miwani.

Mkanda ule unawaka mpaka leo.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wengi walisoma jioni kwa karabai na chemli. Kutoka mwaka 2007, Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi, umeme umezidi kufika vijijini, na penye sola watu wamejiwashia wenyewe. Taa zimebadilika. Kitu kimoja hakijabadilika: anayejua kusoma namba hadanganywi kwa urahisi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mkanda wa mama wa duka ulikufa mapema?
2. Utatambuaje alumini, chuma na plastiki?
3. Mkanda una punje 60 kwa mita. Kina cha chaneli kiwe angalau kiasi gani ili vidoa visionekane?
4. Fyuzi huwekwa wapi? Kwa nini?
5. Darasa lenu likipata mkanda wa taa kwa ajili ya ubao, mtachagua chaneli ya umbo gani?

Maneno mapya

Chaneli: kipande kirefu chenye mfereji wa kulaza mkanda wa taa.
Wati: kipimo cha nguvu ya umeme inayotumika.
Volti: kipimo cha msukumo wa umeme.
Ampea-saa: kipimo cha akiba ya umeme katika betri. Kwenye betri huandikwa Ah.
Fyuzi: kifaa kinachokatika chenyewe umeme unapozidi.

Elimu haina mwisho.